Deni Lisilo na Mdai: Mbwa wa Boma Moja Wanapougua kwa Pamoja Mteremkoni Kilimanjaro

Katika vihamba vya Machame, Kibosho, Uru na Marangu, yaani mashamba ya ukoo ambamo migomba, kahawa, nyumba, zizi na makaburi ya wazee hukaa mahali pamoja, mbwa hufugwa kwa sababu isiyohitaji maelezo marefu: kivuli cha migomba ni kizito hata mchana, njia za miguu zinapita kila upande, na anayekuja usiku kufuata kuku au mbuzi ana pa kujificha. Mjini Moshi sababu ni ile ile, ingawa mbwa wa Shanty Town hulala nyuma ya geti na wa Pasua au Majengo hulala barazani. Mara nyingi mbwa wa boma huwa wawili, watatu au zaidi, jike na wanawe wakiwa pamoja, wakila sufuria moja ya ugali na dagaa na kulala banda moja. Kwa hiyo ugonjwa ukiingia hauchagui, na ndani ya juma moja mwenye boma anaweza kujikuta na wagonjwa wanne na fedha ya kumtibu mmoja. Swali linalochunguzwa hapa ni la dini na falsafa kabla ya kuwa la tiba: mtu huyo anadaiwa nini, na ni nani anayemdai?

Ni vyema kuanza na mnyama ambaye sheria ya mteremkoni ilimfahamu vizuri zaidi, yaani ng'ombe. Kwa vizazi vingi Wachagga walikabidhiana ng'ombe: mwenye mifugo mingi alimpa ndugu au jirani ng'ombe wa kutunza, mtunzaji akapata maziwa pamoja na samadi ya migomba yake, na umiliki ukabaki kwa aliyekabidhi. Katika utaratibu huo kifo cha ng'ombe hakikuweza kuwa siri ya mtu mmoja, kwa sababu daima alikuwapo mtu wa pili mwenye haki ya kuuliza mnyama aliugua lini, alilishwa nini, na nyama yake imekwenda wapi. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri wa Misheni ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi Old Moshi, alizichukulia desturi za Wachagga kuwa sheria kamili yenye mantiki yake, na kitabu chake kikubwa juu ya sheria hiyo kilitoka mwaka 1926. Mbwa hana nafasi ya namna hiyo. Hakukabidhiwa na mtu, hana hisa ya mtu wa pili ndani yake, na akifa hakuna mgeni atakayebisha hodi kudai maelezo. Hutupwa au hufukiwa, na kesho yake maisha yanaendelea. Tofauti hii ndiyo kiini cha tatizo, kwa maana deni ambalo hakuna anayelidai ni rahisi kudhaniwa kuwa halipo.

Tofauti hiyo inashangaza zaidi mtu akikumbuka undugu wa maradhi yenyewe. Sotoka, iliyopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwaacha Wamaasai wa tambarare bila ng'ombe na bila chakula, ilisababishwa na kirusi cha jamii moja na kile cha surua ya watoto na kile cha distempa, ugonjwa wa mbwa unaoanza kwa homa na makamasi, ukaingia mapafuni na tumboni, na mara nyingi ukaishia kwenye ubongo kwa mitetemo na degedege. Sotoka ilipewa majina, hadithi na kumbukumbu, na mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kuwa imetokomezwa kabisa. Distempa mara nyingi inapita vijijini bila kutajwa jina, na watu husema tu kwamba mbwa wamekufa.

Ugonjwa wa pili unaovamia banda zima ni parvo, ambao haukujulikana duniani kabla ya miaka ya 1970, ukatambuliwa mwaka 1978, na katika muda mfupi ukaenea karibu kila bara. Kirusi chake hushambulia utando wa utumbo na uboho wa mifupa, mahali zinapotengenezwa chembe nyeupe za damu, hivyo mbwa, hasa mtoto, hutapika, huharisha damu yenye harufu kali, na hupoteza maji mwilini upesi kuliko anavyoweza kunywa. Hakuna dawa ya kukiua kirusi hicho ndani ya mwili. Kinachofanywa na daktari wa mifugo ni kumwekea mbwa dripu, kumzuia kutapika, na kumpa dawa za kuua bakteria wanaojipenyeza kupitia utumbo uliochubuka, ili mwili wake upate siku chache za kujipigania. Kuna jambo moja katika ugonjwa huu linalostahili kutafakariwa na kila anayezungumzia majaliwa: kinga ambayo mtoto wa mbwa huinyonya katika maziwa ya kwanza ya mama yake ndiyo inayomlinda majuma ya mwanzo, na kinga hiyo hiyo inaweza kuizima chanjo ikitolewa mapema, na ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka mbwa afikishe takriban majuma 16. Katikati upo wakati ambapo ulinzi wa mama umepungua na ulinzi wa sindano haujashika, na hapo mtoto huwa wazi bila kosa la mtu yeyote.

Mbwa wengi wanapoanguka kwa pamoja, neno la kwanza kutamkwa kwa kawaida ni sumu, na halitamkwi bure, kwa sababu wezi huwapa mbwa nyama yenye sumu kabla ya kuvunja, na kila mtu amewahi kusikia kisa cha namna hiyo. Hata hivyo sumu nyingi za aina hiyo huua kwa saa chache, kwa mishtuko na povu, ilhali parvo na distempa hutembea kwa siku kadhaa kutoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine. Anayeikimbilia sumu bila kutazama dalili hufanya jambo ambalo Injili ya Yohana, katika sura ya tisa, inawaonyesha wanafunzi wakilifanya mbele ya kipofu, nalo ni kuuliza ni nani aliyetenda dhambi. Swali hilo lina utamu wake, kwa kuwa likipata jibu deni huhama: jirani akipatikana na hatia, mwenye boma huacha kuwa mdaiwa akawa mdai. Ni rahisi kumlaumu mtu aliyeko ng'ambo ya mfereji kuliko kukumbuka kwamba mwaka mzima chanjo haikununuliwa.

Je, basi, deni lenyewe linatoka wapi? Wapo watakaosema linatoka kwenye upendo, na kwamba mtu huwajibika kwa mbwa kwa kadiri anavyompenda. Jibu hili halitoshi, na lina hatari, kwa sababu linamfungulia mlango asiyependa. Wazee wengi wa mteremkoni hawatakiri kamwe kwamba wanampenda mbwa, na pengine wanasema kweli. Lakini mbwa wao huwa wamefungwa mchana bandani ili usiku wawe wakali, na mbwa aliyefungwa hawezi kwenda kutafuta maji, majani ya kujitapisha wala mahali pakavu pa kulala. Hapa mapokeo ya Kiislamu yana neno lenye uzito. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, yupo mwanamke anayeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, wala hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tukiitazama hadithi hiyo kwa makini, kosa halikuwa ukosefu wa mapenzi. Kosa lilikuwa kuuziba mlango wa riziki ya kiumbe na kisha kutoisimamia riziki hiyo mwenyewe. Kifungo ndicho kinachozaa deni, na mdai ni Mwenyezi Mungu kwa niaba ya asiyeweza kusema.

Msomaji wa Moshi atakumbusha kwamba Waislamu wa Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi, na atauliza kama hukumu hiyo haiondoi wajibu. Haiondoi. Najisi ni hukumu ya twahara, yaani ya usafi unaohitajika kwa ibada, na sheria imeweka njia ya kuondokana nayo, ambayo ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayemnywesha mbwa mgonjwa anajua la kufanya kabla ya swala ya magharibi. Wanazuoni wa madhehebu ya Maliki, kwa upande wao, wamemhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Na Waislamu wote husoma katika Sura ya Kahf juu ya mbwa aliyelala kizingitini mwa pango pamoja na vijana waliomkimbilia Mola wao, kama ambavyo hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu na akasamehewa dhambi zake inajulikana hata kwa watoto wa madrasa.

Upande wa Wakristo kuna tofauti ndogo inayochekesha kidogo. Mkatoliki wa Kibosho au Kilema ana katika Biblia yake kitabu cha Tobiti, ambamo mbwa anafuatana na kijana Tobia na malaika safarini bila kupewa kazi yoyote katika simulizi, ilhali Mlutheri wa Machame hana kitabu hicho miongoni mwa vitabu vya Agano la Kale. Lakini wote wawili wana methali ya Sulemani inayomhesabu mwenye haki kuwa ni yule anayeujali uhai wa mnyama wake, na wana sura ya nane ya Waraka kwa Warumi, ambamo uumbaji wote unaugua pamoja kama mwanamke mwenye utungu. Wanatheolojia na wanafalsafa wa Magharibi, kwa bahati mbaya, mara nyingi waliupunguza wajibu huo. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba ukatili kwa mnyama ni mbaya hasa kwa kuwa humzoeza mtu ukatili kwa watu, na Immanuel Kant, katika mihadhara yake ya maadili, alikubali kwamba mbwa aliyetumikia kwa uaminifu anastahili kutunzwa uzeeni, ila akasema wajibu huo kwa hakika ni wajibu kwa utu wetu wenyewe. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika mpangilio wa viumbe wa Mwafrika, kuanzia Mungu na mizimu mpaka wanyama, mimea na vitu visivyo na uhai, mwanadamu yuko kitovuni. Mawazo hayo yote yanafanana katika jambo moja: yanamkubali mdaiwa lakini yanamfanya ajidai mwenyewe. Na anayejidai mwenyewe ana uwezo wa kujisamehe wakati wowote apendapo, hasa Januari.

Januari imetajwa kwa makusudi. Desemba Wachagga hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kwa ajili ya Krismasi. Vihamba hujaa watu, magari hupanda mlima, wapo wanaokuja na watoto wa mbwa wa kizungu kama zawadi kwa wazazi, na viatu vilivyokanyaga ua mmoja hukanyaga ua wa pili kabla ya jua kuzama. Kwa kirusi cha parvo, kinachoweza kuishi nje ya mwili kwa miezi mingi na kubebwa kwenye nyayo, hakuna msimu mzuri kuliko huo. Sikukuu ikipita, wageni hushuka, na nyumbani hubaki wazee, mbwa wanaotapika, na gharama za mwezi mgumu kuliko yote: sare, madaftari, na ada kwa wenye watoto katika shule za binafsi.

Hapo ndipo pingamizi zito linapojitokeza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu, na kwamba haifai kuwatumilia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza dhiki ya watu. Je, dripu ya mbwa haimo katika katazo hilo la pili? Pingamizi hili lina nguvu dhidi ya anasa, na anayemnunulia mbwa mto wa kulalia huku mtoto wa jirani akienda shule bila viatu hana la kujitetea. Lakini matibabu ya mbwa aliyewekwa kulinda, akafungiwa, akazuiwa kujitafutia, yamo katika kundi la madeni, wala hayamo katika kundi la sadaka, na hakuna dini inayofundisha kwamba mtu aache kumlipa mlinzi wake ujira ili apate cha kuwapa maskini. Pale fedha zinapokosekana kabisa, kukosa huko ni udhuru. Udhuru hauwi ushahidi kwamba deni halikuwapo. Tena ikumbukwe kwamba gharama ya chanjo ni ndogo mno kuliko ya dripu, hivyo anayelalamika kwamba mbwa wanashindana na watoto mwezi Januari mara nyingi ameuruhusu ushindani huo mwenyewe miezi sita nyuma.

Sasa lipo lile tatizo la wagonjwa wanne na tiba ya mmoja. Sheria ya Kiislamu inamfahamu muflisi, mtu ambaye mali yake haitoshi madeni yake, na inaagiza kwamba wadai wake wagawiwe kilichopo kwa uwiano wa madai yao. Ni haki nzuri kwa wadai wa fedha. Kwa mbwa ni hukumu ya kifo, kwa sababu robo ya dripu haimponyi mbwa hata mmoja, na anayegawa sawasawa ili asimwonee yeyote hufika mwisho wa juma akiwa na mashimo manne. Kwa hiyo usawa wa kugawa hauwezi kuwa haki hapa, na ni lazima kuchagua. Wengine watamchagua wanayempenda, wengine yule aliyegharimu fedha nyingi, mbwa wa kizungu mbele ya wa kienyeji, ingawa wote wawili walibweka usiku uleule. Kipimo kinachoonekana kuwa na haki zaidi ni uwezekano wa kupona: tiba iende kwa yule ambaye itambadilishia mwisho wake, asiyekuwa mzima kiasi cha kupona peke yake wala aliyekwisha kuzama kiasi kwamba dripu itamwongezea siku tu. Kipimo hiki ni kikavu, na hakimfariji mtu.

Kinachosahaulika ni kwamba waliobaki bila dripu hawajafutwa kwenye daftari. Deni lao limebadilika umbo. Wanadai maji ya kunywa kidogo kidogo yenye chumvi na sukari, pale wanapoweza kuyazuia tumboni. Wanadai kutenganishwa na wazima, gunia kavu, kivuli, kufutwa uchafu, na mtu wa kuwatazama usiku. Wanadai pia, mateso yakizidi bila tumaini, kifo cha haraka kwa mkono wa mtaalamu. Juu ya hili la mwisho wanazuoni wa Kiislamu hawana kauli moja, kwa kuwa wapo wanaoona uhai hauondolewi isipokuwa kwa manufaa yanayotambuliwa na sheria, na wapo wanaoona kumpumzisha mnyama asiyepona ni rehema. Katekisimu haikulitaja waziwazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inatazama zaidi maumivu yenyewe, nayo inamtaka mwenye mnyama asimsababishie mateso yanayoepukika. Ikiwa deni linatoka kwenye kifungo, basi kumwacha mbwa afe polepole nyuma ya banda kwa kisingizio cha kumheshimu Muumba ni kumfungia mara ya pili.

Kwa nini, hata hivyo, viumbe wasio na dhambi waugue hivyo? Muutazila, yaani wanatheolojia wa Kiislamu waliosisitiza kwamba uadilifu wa Mungu unaweza kufahamika kwa akili, walijibu kwamba Mungu atawalipa wanyama fidia Akhera kwa kila uchungu. Waashari, ambao itikadi yao imeenea kati ya Waislamu wa pwani na bara yetu, walikataa kwamba Mungu anawajibika kwa lolote mbele ya viumbe wake. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alihubiri mwaka 1781 kwamba wanyama nao watarudishwa katika hali bora uumbaji utakapokombolewa. Mjadala huo ni mzuri, na hakuna haja ya kuumaliza hapa, kwa sababu hakuna upande unaopunguza anachodaiwa mwenye boma. Kama fidia ipo, ni ya Mungu kutoa, na mtu hawezi kulipa deni lake kwa hundi ya mwingine.

Tukio moja la mkoa huu huu linapaswa kuwanyamazisha wale wanaopima hatia kwa idadi ya waliokufa. Huko Mkomazi, chini ya milima ya Upare, palikuwa na mazizi ya kuzalisha mbwamwitu, wanyama wa porini walio hatarini kutoweka, waliotunzwa chini ya uangalizi wa mhifadhi Tony Fitzjohn. Desemba 2000 distempa iliingia mazizini, na katika miezi miwili 49 kati ya mbwamwitu 52 walikufa. Walikuwa wamechanjwa, tena kwa chanjo ya kirusi kilichouawa, kwa kuwa chanjo ya kirusi hai iliyodhoofishwa ilikuwa imewahi kuwadhuru wanyama wa aina hiyo. Hapo palikuwa na ujuzi, nia na uangalizi wa kila siku, na bado walianguka karibu wote. Waliowekwa pamoja ili waokoke waliambukizana kwa sababu ya kuwekwa pamoja. Hakuna mwenye akili atakayesema watunzaji wale hawakulipa deni lao. Basi na mzee wa Uru aliyechanja, aliyeita daktari wa mifugo, aliyekesha, na bado akafukia watatu, asihukumiwe kwa mashimo.

Deni hilo lina upande wa majirani pia. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliihusisha na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Mteremkoni hakuna simba, lakini vihamba vimeungana, na mfereji wa maji ulikuwa na wazee wake na zamu zake muda mrefu kabla ya serikali yoyote; ugonjwa wa mbwa haujawahi kupewa wazee wala zamu. Mwenye boma anayenyamaza kwa aibu, au anayetupa mzoga korongoni, huwakopa wengine bila kuwaambia.

Baada ya maziko huja haraka ya kujaza pengo, kwa kuwa boma lisilo na mbwa hujulikana upesi, na mtoto wa mbwa hupatikana kwa bei ndogo au bure. Jiki huua kirusi cha parvo kwenye sakafu ya saruji iliyosafishwa kwanza, lakini udongo wa kihamba, wenye samadi, majani yaliyooza na kivuli cha kudumu, hausafishiki kwa jiki, na kirusi kinaweza kukaa humo mwaka mzima au zaidi. Anayemleta mtoto asiyechanjwa kwenye udongo huo anajua, au angeweza kujua kwa kumuuliza bwana mifugo, anachomletea. Mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo zake anaweza kuletwa mapema zaidi. Mtoto angoje hadi sindano yake ya mwisho, akae kwanza kwa aliyemzaa, hata kama kuku wawili watatu wataibiwa katika kungoja huko.